Mgombea mwenza 2030: kabla ya jina, angalia anatoka upande gani

*"Mwalimu, habari za kazi. Mimi nachapisha fulana na kofia hapa Dodoma, jirani na Soko la Majengo. Kijiweni kwetu, kwenye kahawa, ubishi ni mmoja tu: 2030 mgombea mwenza wa CCM atakuwa nani? Tuna orodha ya majina saba na tumewekeana dau la mbuzi. Mmoja anasema mwenza lazima awe Mzanzibari. Mwingine anasema hilo lilifutwa 2021. Mwingine anasema anayeshika nafasi ya pili kwenye kura za ndani za urais ndiye hupewa umakamu. Wapo wanaosema Makamu aliyepo ndiye mrithi, hakuna haja ya kubishana. Mzee wetu mmoja yeye anasema safari hii ni zamu ya Mgogo. Hayo ni ya kijiweni, lakini kuna jambo linaninyima usingizi. Jamaa amenifuata, anasema ana mtu wake kwenye vikao, jina limeshapita, na nikitoa milioni mbili ananiingiza mapema kwenye orodha ya watakaochapa fulana zenye sura za wagombea. Wahenga walisema lisemwalo lipo. Nifanyeje?"*

Milioni mbili usitoe. Nimeanza na hilo ili usije ukasoma nusu ya jibu, ukaitwa na mteja, halafu jioni jamaa akapita dukani ukiwa bado hujaamua. Huenda kweli ana ndugu yake mjumbe wa kikao fulani, sina haja ya kumbishia. Tatizo ni kwamba hata kama anaye, anachokuuzia hakijazaliwa. Jina la mgombea mwenza haliwezi kupita wakati jina la mgombea urais lenyewe halijapita. Mnabishana rangi ya shela na bwana harusi hajajulikana.

Sasa tuzungumze taratibu, maana ubishi wenu una mambo ya maana ndani yake.

Ibara ya 47 ya Katiba inasema Makamu wa Rais anachaguliwa katika uchaguzi uleule na Rais. Chama kinawapendekeza wote wawili wakati mmoja, wanapigiwa kura kwa pamoja, na Rais akishachaguliwa Makamu naye amechaguliwa. Kisha kuna sharti ambalo kijiwe chenu kimelishika nusu: wawili hao hawawezi kutoka upande mmoja wa Muungano. Rais akitoka Bara, Makamu anatoka Zanzibar. Rais akitoka Zanzibar, Makamu anatoka Bara. Hakuna mahali panaposema mwenza lazima awe Mzanzibari. Imeonekana hivyo kwa miaka mingi kwa sababu kuanzia 1995 hadi 2020 CCM ilisimamisha wagombea wa Bara tu: Mkapa, Kikwete, Magufuli.

Na hakuna kilichofutwa 2021. Magufuli alifariki Machi 17 mwaka ule, Samia Suluhu Hassan akaapishwa Machi 19, na papo hapo sharti lilelile likageuka upande wa pili: Rais ametoka Zanzibar, Makamu akatafutwe Bara. Akapatikana Dkt. Philip Mpango wa Kigoma, aliyekuwa Waziri wa Fedha. Jina lilipelekwa bungeni hapahapa Dodoma, likathibitishwa kwa kura, naye akaapishwa mwisho wa mwezi uleule. Jimbo lake la Buhigwe likabaki wazi, Mei kukawa na uchaguzi mdogo. Mwaka 2025 hesabu ikawa ileile: Samia na Dkt. Emmanuel Nchimbi, mtu wa Ruvuma.

Kwa hiyo swali la kwanza la 2030 ni mgombea urais atatoka upande gani, kabla hamjafika kwenye "mwenza ni nani". Hapo Katiba inatusaidia kidogo. Ibara ya 40 inasema Makamu aliyeingia Ikulu baada ya Rais kufariki, kama muhula uliobaki ulikuwa miaka mitatu au zaidi, anaruhusiwa kugombea mara moja tu. Samia alikuta miaka zaidi ya minne imebaki, na mara yake moja aliitumia 2025. Katiba ikibaki ilivyo, 2030 chama kinatafuta mtu mwingine. Wengi wanategemea atoke Bara. Mimi pia naliona hilo ndilo lenye uzito zaidi, ila hakuna ibara inayolazimisha zamu.

Turudi kwenye orodha yenu. Majina saba uliyoniandikia siyarudii hapa, wenyewe hawajaniomba niwapigie debe. Lakini nimeyasoma: sita ni ya watu wa Bara. Mgombea urais akitoka Bara, majina sita yanaanguka kwa mpigo mmoja, hata kabla kikao hakijakaa. Na mmoja kati yao, kama umri wake unaosemwa ni wa kweli, hatakuwa amefikisha miaka 40, ambayo ndiyo umri wa chini wa kugombea urais na umakamu. Mmekunywa kahawa miezi mingapi juu ya huyo kijana?

Neno "kutoka" nalo lisiwachanganye mkaanza kuuliza nani kazaliwa hospitali gani. Mzee Ali Hassan Mwinyi alizaliwa Kivure, Mkuranga, mkoa wa Pwani. Alikulia Unguja, akawa Rais wa Zanzibar, na 1985 aligombea urais wa Muungano akihesabiwa mtu wa Zanzibar.

Zamani mambo hayakuwa hivi. Kabla ya 1995, Rais wa Muungano akiwa wa Bara, Rais wa Zanzibar alikuwa Makamu wake moja kwa moja. Chini ya chama kimoja hilo halikuleta shida. Vyama vingi viliporudi 1992 likaibuka swali gumu: je, Zanzibar ikichukuliwa na chama kingine? Ungekuwa na Rais wa chama hiki na Makamu wa chama kile, na Rais akifariki nchi inahamia chama kingine bila kura hata moja. Ndipo mabadiliko ya kumi na moja ya Katiba, mwaka 1994, yakaleta huyu mgombea mwenza. Wako wanaosema Zanzibar ilipunguziwa heshima siku ile, na hoja yao haijafa mpaka leo. Kwa leo nakuomba ushike jambo moja tu: nafasi hii iliundwa kwanza kulinda Muungano na urithi wa madaraka. Kuleta kura kulikuja baadaye sana.

Hili linasahaulika mno. Watu wanahesabu mwenza kama mchezaji wa kuongeza magoli: "huyu atatuletea mkoa fulani." Mwaka 2015 daftari la wapiga kura lilikuwa na watu wapatao milioni 23, na Zanzibar ilikuwa kama nusu milioni. Mwenza kutoka visiwani hawezi kuteuliwa kwa sababu ya wingi wa kura za nyumbani kwake. Anateuliwa kwa sababu nyingine, na ukitazama waliopita sababu hizo zinaonekana.

Chukua 1995. Mkapa alipewa Dkt. Omar Ali Juma, aliyekuwa Waziri Kiongozi wa Zanzibar, mtu wa Pemba. Alifariki Julai 2001 akiwa kazini. Badala yake akaja Dkt. Ali Mohamed Shein, naye wa Pemba, miezi michache tu baada ya machafuko ya Januari 2001 kisiwani humo. Usiniambie Pemba haikuwamo kwenye hesabu hiyo. Ilikuwa ngome ya CUF, chama cha upinzani, na chama tawala kilihitaji uso wa Mpemba juu kabisa.

Halafu 2010, ambao kwangu ndio mfano mtamu kuliko yote. Shein, Makamu aliyepo, akaamua kuutafuta urais wa Zanzibar. Humohumo kwenye kinyang'anyiro alikuwamo Dkt. Mohamed Gharib Bilal, Waziri Kiongozi wa zamani, mtu mwenye wafuasi wake kweli Unguja, ambaye urais wa Zanzibar alikuwa ameshautafuta na kuukosa huko nyuma. Vikao vya Dodoma vikampa Shein. Bilal akakosa tena. Hazijapita siku nyingi, Bilal akatangazwa mgombea mwenza wa Kikwete. Waliokuja na majina yao mfukoni wakijua mwenza ni fulani walikuwa wakitazama meza moja, na jibu likatoka meza ya pembeni. Nafasi ile ilifuta machozi na kutuliza kambi, ikakifanya chama kiende Oktoba kikiwa kimoja.

Mwaka 2015 tena hapahapa. Wewe uko Dodoma, bila shaka unaikumbuka Julai ile: gesti zimejaa, mjini hapapitiki, watia nia wa urais karibu arobaini, na wajumbe wa Halmashauri Kuu wanaimba "tuna imani na Lowassa" mbele ya mwenyekiti wao, Kikwete. Jina la Lowassa, Waziri Mkuu wa zamani, likakatwa. Tano bora ikawa tatu bora: Magufuli, Balozi Amina Salum Ali na Dkt. Asha-Rose Migiro. Mkutano Mkuu ukampa Magufuli kura 2,104, Amina akafuata akiwa na 253.

Sasa msikilize yule mwenzenu wa "nafasi ya pili". Amina alikuwa mwanamke, Mzanzibari, msomi, na wa pili kwa kura. Kama kanuni yake ingekuwa ya kweli, hapo ndipo pangekuwa pa kuonekana. Mwenza aliyetangazwa ni Samia, ambaye jina lake halikuwamo hata kwenye tano bora. Alikuwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Makamu wa Rais, akishughulikia Muungano, na mwaka mmoja nyuma alikuwa Makamu Mwenyekiti wa Bunge Maalumu la Katiba, hukuhuku Dodoma. Alilijua faili la Muungano, alishaonekana akiongoza kikao chenye kelele, na hakuwa na kambi inayotisha kambi nyingine. Hilo la mwisho ni tathmini yangu, lakini nalipa uzito mkubwa. Mgombea aliyetoka kwenye vita ya ndani haleti pembeni yake mtu aliyekuwa akipigania kiti kilekile, isipokuwa amelazimika.

Na 2025? Mkutano Mkuu maalumu wa Januari uliitishwa ili kumpata Makamu Mwenyekiti wa CCM Bara. Ubishi wa mjini ulikuwa juu ya hilo. Mkutano ukaisha Stephen Wasira akiwa Makamu Mwenyekiti, Samia ameshapitishwa kuwa mgombea urais, na Nchimbi, aliyekuwa Katibu Mkuu, ametangazwa mwenza kwa kuwa Mpango aliomba kupumzika. Miezi kadhaa kabla ya muda uliozoeleka! Kama kuna mtu alikuwa ameuza "jina" kwa ajili ya Julai, biashara yake ilifia pale.

Kuhusu Makamu aliyepo kuwa mrithi wa moja kwa moja, tazama rekodi tangu 1995. Omar Ali Juma alifariki. Shein alikwenda Zanzibar. Bilal alichukua fomu ya urais 2015, hakufika tano bora. Samia aliingia kwa msiba, kwa njia ya Katiba. Mpango alipumzika. Hakuna hata mmoja aliyepandishwa na vikao kutoka umakamu hadi kuwa mgombea urais. Huenda siku moja ikatokea, lakini kusema ndiyo desturi ni kuzua.

Na mzee wako wa zamu ya Mgogo mpe heshima yake, hajatunga kutoka hewani. Mzee John Malecela, mtu wa Dodoma, alikuwa Waziri Mkuu na Makamu wa Kwanza wa Rais kuanzia 1990 hadi 1994, wakati Rais akiwa Mwinyi. Lakini ule ulikuwa mfumo wa zamani, na hakupigiwa kura kama mwenza. Leo Katiba inazitazama pande mbili tu. Haijui Mgogo wala Mnyaturu, haijui Kanda ya Kati. Mgogo anaweza kuwa mwenza siku mgombea urais atakapotoka Zanzibar tena, na hapo atashindana na watu wa mikoa yote ya Bara. Kwa 2030, mgombea akitoka Bara, mlango huo umefungwa. Mgogo atake urais wenyewe.

Upinzani nao una somo lake, na hili litakugusa kama mfanyabiashara. Mwaka 2015 vyama vinne vya Ukawa, muungano wa upinzani, vilimsimamisha Lowassa kupitia Chadema, na mwenza wakamtaka Juma Duni Haji wa CUF. Kwa kuwa wote wawili wanapendekezwa na chama kimoja, Duni ilibidi aihame CUF aingie Chadema ndipo asimame. Na 2005, uchaguzi ukiwa umepangwa Oktoba 30, Jumbe Rajab Jumbe, mgombea mwenza wa Chadema, alifariki siku chache kabla. Uchaguzi wa Rais ukasogezwa hadi Desemba 14. Fikiria aliyekuwa ameshachapa tarehe kwenye fulana.

Sasa hili la "lisemwalo lipo". Kwenye vikao vya uteuzi, jina linalosemwa mapema huwa na mwenyewe. Wakati mwingine anayelisambaza ni mhusika au wapambe wake, wakipima upepo. Mara nyingi zaidi, kwa ninavyoona, analisambaza mpinzani wake, kwa sababu jina likikaa mdomoni mwa watu miaka minne kila mwenye kinyongo anapata muda wa kulichimba. Wanaoamua kweli ni wachache sana, nao wana kila sababu ya kunyamaza: mgombea mwenyewe, mwenyekiti wa chama na watu wao wa karibu, kabla vikao havijabariki. Nafasi hii haina hata fomu ya kuchukua ndani ya chama, kwa hiyo hakuna orodha ya watia nia ambayo mtu angeweza kuichungulia. Na tangu 2021 kila mjumbe anajua mwenza ni mtu anayeweza kuwa Rais kesho asubuhi. Siri imekuwa nzito zaidi. Nyie wenyewe mlisema 2020, baada ya kura za maoni ndani ya chama, wajumbe si watu. Basi msiwaamini hapa ghafla.

Tuje dukani kwako. Sikukatazi kujiandaa, mkutano mkuu ukija Dodoma fulana zinauzika kweli. Lakini unajua kuliko mimi gharama ya sura: kila rangi na fremu yake, na fremu ya sura ya mtu huwezi kuigeuza kuwa ya mwingine, unatengeneza upya. Hela yako ikae kwenye fulana tupu za rangi mbalimbali, kofia na wino, vitu ambavyo mkutano usipokuja vitakwenda kwenye mahafali, harusi na timu za mtaa. Kama unataka oda ya chama, nenda ofisi ya chama ya wilaya au ya mkoa ukiwa na leseni, namba ya mlipakodi na sampuli, ujitambulishe kwa jina lako. Uliza pia nani anaruhusiwa kuchapa nembo na kwa kibali gani. Chama chochote utakachokwenda, uliza hivyohivyo.

Ikija oda kubwa yenye sura na majina, taka oda ya maandishi yenye sahihi na muhuri, na malipo ya awali yanayofunika vifaa. Kabla hujatia sahihi mkataba unaozidi mtaji wako, mpelekee wakili ausome ana kwa ana. Ada yake itakuuma, lakini ni ndogo kuliko maboksi ya fulana za sura iliyokatwa. Usinitumie mimi picha ya mkataba. Mimi nafundisha siasa, mambo ya mkataba yana wenyewe.

Na yule jamaa mwambie alete barua ya ofisi. Akisema mambo haya hayaandikwi, umeshapata jibu lako. Pesa ya kumpa mtu ili upendelewe kwenye zabuni inaweza kukutia hatiani na wewe pia uliyetoa, si yeye peke yake, kwa hiyo usijione mjanja. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wana ofisi hapa mjini na simu ya bure 113. Kama ulishatoa hata kidogo, usimfuate kumdai peke yako. Tunza meseji zake na ujumbe wa muamala kwenye simu, usivifute, nenda navyo polisi mapema kabla hajabadilisha namba.

Dau la mbuzi halina neno, ila lirekebisheni. Wekeni kwanza mgombea urais atatoka Bara au Zanzibar. Mkilimaliza hilo ndipo mseme majina, na mlete angalau matatu ya visiwani, maana kwenye orodha yenu lipo moja tu na nadhani mliliandika kwa adabu.